Nani Kakwambia Lazima Ufike Chini?

Haikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, kwa hiyo Rubona, kando ya Ziwa Kivu hapa Rwanda, ilijaa watu mapema. Wavuvi wa sambaza walikuwa wamesharudi, mitumbwi yao mitatu-mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ikiyumba taratibu gatini. Kutoka upande wa kiwanda cha bia cha Bralirwa, ambacho kipo tangu mwaka 1957, upepo ulileta harufu ya kimea. Na kwenye chemchemi za maji moto, ambazo wenyeji huziita amashyuza, palikuwa na ule mchanganyiko wa watu ambao mahali pengine wasingekaa pamoja: mama wenye magoti mabovu kutoka milimani, wavuvi waliokesha, waendesha baiskeli wanaoianza njia ya Kongo-Nile yenye kilomita 227 hadi Rusizi, na vijana wa Kigali waliokuja kupiga picha.

Mimi nilikuwa nimekaa majini hadi kiunoni, pale maji ya moto yanapochanganyika na ya Ziwa Kivu hadi mtu anaweza kuvumilia. Mama mmoja mkandaji alikuwa akilishughulikia paja langu la kulia, paja lenye historia nitakayoieleza. Mmoja wa wale vijana alitoka majini, mvuke ukimtoka mabegani, akampa rafiki yake simu, akapanda juu ya jiwe bapa na kupiga msamba. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, makalio chini kabisa, mikono juu. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Mama hakuacha kazi yake. Alisema tu, kwa Kiswahili cha huku mpakani na Goma:

“Leo maji inamubeba. Kesho atajibeba mwenyewe.”

Nimekaa mbele ya walimu wengi wa yoga, wengine wenye vyeti ukuta mzima. Sikumbuki aliyewahi kuieleza hatari ya mkao ule kwa maneno machache hivyo.

Katika yoga mkao huo unaitwa Hanumanasana, lakini Kiswahili hakikuhitaji kuazima. Tuna kupiga msamba, neno la watoto wa viwanja vya shule, la wanasarakasi na la kipa anayeokoa mpira wa chini kwa ncha ya kiatu. Mwaka 2006 mwalimu wa yoga kutoka New York, Paige Elenson, akiwa matembezini Kenya na familia yake, aliwaona vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono, naye akajiunga nao. Mwaka uliofuata yeye na Baron Baptiste wakaanzisha Africa Yoga Project jijini Nairobi. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kana kwamba yoga iliwakuta vijana wasio na kitu. Mimi nakisoma kinyume chake. Miili ilikuwa tayari inaweza. Kilichokuja ni mkeka, mafunzo ya ualimu na njia ya kulipwa.

Jina la Kisanskriti linatokana na Hanuman wa utenzi wa Ramayana, aliyeruka bahari kutoka ncha ya India hadi Lanka. Yaani msamba ni mruko uliogandishwa. Hapa Rwanda tulikuwa na mruko wetu, gusimbuka urukiramende. Msafara wa Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipopita nchini mwaka 1907 ulipiga picha za vijana wakiupita ufito uliowekwa juu kuliko vichwa vya watu waliosimama chini yake. Ukizitazama picha hizo utaona miguu imeachana angani, lakini kwa nukta moja tu, halafu kijana anatua na kwenda zake. Hakuna aliyemwambia abaki amejitandaza vile kwa dakika mbili huku akitabasamu.

Nalisema hili kwa sababu utaambiwa kwamba msamba wa yoga una maelfu ya miaka, na kwamba jambo lililodumu hivyo haliwezi kumdhuru mtu. Hadithi ya Hanuman ni ya kale, hilo halina ubishi. Lakini yoga ya mikao mingi migumu, kama tunavyoiona leo, iliundwa kwa sehemu kubwa katika karne ya 20. Mtafiti Mark Singleton aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 2010, akionyesha jinsi mazoezi ya viungo ya Ulaya yalivyochanganyika na mapokeo ya India, hasa katika ukumbi wa Krishnamacharya kwenye jumba la mfalme wa Mysore miaka ya 1930. Shemeji na mwanafunzi wake, B.K.S. Iyengar, alipotoa kitabu chake Light on Yoga mwaka 1966, aliipa mikao alama za ugumu kuanzia 1 hadi 60. Alama hizo zilikuwa na maana. Leo simu inakuonyesha mkao wa kwanza na wa hamsini kwa ukubwa uleule wa kioo, mmoja baada ya mwingine, na kidole gumba hakijui tofauti.

Sasa tuingie mwilini. Mguu wa mbele unavuta misuli ya nyuma ya paja, ile inayoanzia kwenye mfupa wa kukalia na kushuka hadi chini ya goti. Mguu wa nyuma unavuta msuli uliojificha ndani kabisa, unaotoka kwenye pingili za chini za mgongo, ukapita mbele ya nyonga na kushika mfupa wa paja kwa ndani. Huo ndio msuli wa wakaaji. Karani wa benki, dereva wa basi la Kigali, mwandishi wa makala kama mimi: sote tunauweka umekunjwa kutwa nzima, kisha jioni tunashangaa kiuno hakinyooki. Mkao wowote unaorudisha mguu nyuma ya mwili, polepole, unaupa msuli huo kitu ambacho kiti kimeunyima. Hatua inarefuka, mwendo wa kupanda mlima unakuwa mwepesi. Faida hiyo ni ya kweli, na nisingetaka mtu aisome makala hii kisha akunje mkeka wake.

Ila angalia faida hiyo inapatikana wapi. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2017 yalikusanya majaribio 12 yenye washiriki 1,080 waliokuwa na maumivu sugu ya kiuno. Waliofanya yoga walipata nafuu ndogo hadi ya wastani katika kufanya shughuli zao kuliko wasiofanya zoezi lolote. Baadhi yao pia waliumia, na jeraha lililotajwa zaidi lilikuwa, ajabu, maumivu ya mgongo kuongezeka. Na ile ilikuwa yoga ya kawaida, ya watu wazima wenye viuno vibovu, isiyohitaji mtu kukalia jiwe miguu ikiwa imeachana kama mkasi uliovunjika. Sijaona ushahidi kwamba zile sentimita kumi za mwisho, kati ya makalio na ardhi, zinamwongezea mtu afya yoyote. Zinaongeza picha.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalipendi nikilisema. Ukinyoosha viungo kwa wiki kadhaa ukaona unashuka zaidi, sehemu kubwa ya mafanikio hayo si msuli kurefuka. Ni ubongo kuzoea. Neva zilizokuwa zikipiga kelele mapema zimekubali kunyamaza hadi mbele kidogo. Hiyo si mbaya. Ni mkataba kati yako na mwili wako, na mikataba hufikiwa kwa subira. Lakini joto linaweza kuinunua saini ya mkataba huo kabla hujausoma. Maji ya amashyuza hulegeza misuli kwelikweli, hulainisha kano kwa muda, na hupunguza maumivu. Vyumba vya yoga ya Bikram, vinavyopashwa hadi nyuzi 40 hivi, vinafanya hivyohivyo kwa umeme. Ukiwa umelegea namna ile unaweza kupita mpaka wako bila kuona alama yoyote barabarani. Ndiyo maana ya maji kumbeba mtu.

Mimi niliupita mpaka wangu ndani ya ukumbi, si majini. Nilikuwa na miaka 38, katika mji ambao sitautaja, kwenye darasa ambalo nalo halina haja ya jina. Nilikuwa nimebakiza kama upana wa kiganja kufika chini. Mwalimu akaja nyuma yangu, akaniwekea mikono mabegani na kusukuma, kwa upole wa mtu anayefunga sanduku lililojaa. Nikasikia “pu” chini ya kalio la kulia, kama kamba ya gitaa. Halikuuma sana. Wenzangu walishangilia kwa sababu nilikuwa nimefika. Usiku ule nikajikanda kwa taulo la maji ya moto, jambo baya kuliko yote ambayo ningefanya siku ya kwanza ya jeraha, na asubuhi paja lilikuwa limevimba. Kwa miezi minane sikuweza kukaa kwenye pikipiki bila kuweka sweta lililokunjwa chini yangu. Kano inayoshikilia misuli ya paja kwenye mfupa wa kukalia haina damu nyingi, na kwa sababu hiyo haina haraka ya kupona.

Daktari aliyenitibu alinipa somo la mifupa ambalo nadhani kila darasa la yoga lingeanza nalo. Kichwa cha mfupa wa paja kinaingia kwenye kikombe cha nyonga, na vikombe hivyo havifanani. Kuna vilivyo vifupi na vilivyo virefu kina, vinavyotazama mbele na vinavyotazama pembeni. Shingo ya mfupa wa paja nayo ina pembe yake. Msuli unaweza kubembelezwa, lakini mfupa ukikutana na mfupa, hapo hakuna la kuongea. Anayelazimisha huwa anabana ule mviringo wa gegedu unaozunguka kikombe, na ukichanika unaweza kumletea maumivu ya kinena kwa miaka. Kwa hiyo mtu aliyefanya mazoezi kwa muda mrefu na bado hafiki chini anaweza kuwa hana kasoro ya bidii. Ameumbwa hivyo, na huenda nyonga yake ni imara zaidi kwa kutembea na mzigo.

Na hapa naomba uvumilivu wako, maana nitasema kinyume cha tunavyopigia makofi. Wa kuchungwa zaidi ni yule anayeshuka kwa urahisi siku ya kwanza. Madaktari wana kipimo cha kulegea kwa viungo kinachoitwa Beighton, chenye alama 9: kidole kidogo kinarudi nyuma kiasi gani, kidole gumba kinagusa kigasha, kiwiko na goti vinapita mstari, viganja vinafika sakafuni. Wachache wanajua kwamba kipimo hicho kilipata umbo lake Afrika, katika utafiti wa mwaka 1973 miongoni mwa Watswana. Mtu mwenye alama nyingi hupiga msamba kama anayekaa kwenye kochi. Darasa linamshangaa, mwalimu anamweka mbele awe mfano. Lakini kinachomruhusu kushuka ni kano zilizolegea, na kano kazi yake ni kushikilia. Huyo hahitaji kunyooshwa zaidi. Anahitaji misuli yenye nguvu ya kufanya kazi ambayo kano zake haziifanyi.

Mjamzito na aliyejifungua karibuni wako kundi hilohilo kwa muda. Homoni za ujauzito hulegeza viungo vya nyonga ili mtoto apite, na ulegevu huo haukatiki siku ya kujifungua. Bibi zetu wa pwani hawakusoma homoni, ila walijua kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumfunga tumbo na kumlaza siku arobaini. Sijawahi kusikia bibi aliyemwambia mzazi apige msamba.

Tena tusidhani hatari iko kwenye mikao migumu peke yake. Mwaka 1971 daktari Joseph Chusid aliandika katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, kisa cha kijana aliyekuwa akikalia visigino vyake kwa saa nyingi kama sehemu ya yoga. Baadaye nyayo zake zikashindwa kuinuka kwa mbele. Neva iliyo karibu na goti ilikuwa imebanwa. Kukalia visigino hakuna ugumu wowote, watoto wetu hula hivyo. Kilichomdhuru ni muda, na ukaidi wa kutosikia ganzi.

Kwa anayetaka kuujaribu msamba hata hivyo, nitaeleza ninavyoufanya sasa, nikiwa na umri wa kuogopa. Kwanza napanda kilima, au naruka kamba, hadi jasho linitoke kwa kazi ya mwili wenyewe na si kwa maji ya mtu mwingine. Naweka kitenge kilichokunjwa chini ya goti la nyuma. Pembeni naweka jerikeni mbili za lita kumi zilizojaa maji, moja kila upande, nizishike kwa mikono. Ni imara kuliko vile vipande vya sponji wanavyouza, na baadaye unaoga. Ile mifupa miwili ya mbele ya nyonga naitazamisha ziwani yote miwili, maana mmoja ukigeukia mlimani nitashuka zaidi kwa uongo, na kiuno ndicho kitalipa. Kisigino cha mbele kinateleza polepole. Nikifika pale pumzi inapokatika narudi nyuma kidogo. Hapo nakaa nusu dakika, nikikandamiza miguu yote miwili ardhini kana kwamba nataka kuukunja mkeka, ili misuli ifanye kazi ikiwa imenyooka. Kisha narudi kwa nguvu ya miguu, si kwa kujiinua na mikono. Mvuto katikati ya paja ni ruhusa. Kuchomwa chini ya kalio, kubanwa kinenani, ganzi inayoshuka hadi kwenye unyayo: naondoka, bila kujadiliana.

Sijafika chini tena tangu miaka ile. Jerikeni zinajua.

Kuna swali ambalo hunijia kila nikikaa pale Rubona: msamba huu ni wa nani? Mama anayelima mteremko wa Nyamyumba hapo jirani huinama kutoka nyonga, magoti karibu yamenyooka, kwa nusu siku. Misuli ya nyuma ya mapaja yake ni mirefu kuliko ya mwalimu wangu. Akija kwenye amashyuza hatafuti unyumbufu, anatafuta kupumzika. Mvuvi naye huketi, huvuta kasia na kuimba usiku kucha; mabega yake ni ya chuma na kifua kimefungwa. Kumwambia huyo apige msamba ni kama kumtibu jino kwa kumkata kucha. Tunaohitaji kurudisha mguu nyuma ni sisi wa viti, na sisi ndio wenye haraka kuliko wote, kwa sababu tumelipa nauli kutoka Kigali na Jumatatu tunarudi kazini.

Nimewahi kusoma juu ya Project Air, mradi ulioanza mwaka 2007 kuwafundisha yoga ya Ashtanga wanawake wa Rwanda waliobakwa katika mauaji ya kimbari ya 1994 na wanaoishi na virusi vya ukimwi. Ashtanga si mchezo, ni yoga ya jasho. Lakini kilichonigusa ni kwamba katika kazi kama ile, mtu kuhisi kwamba mwili huu ni wake, na kwamba yeye ndiye anayeamua uende hadi wapi, ndiyo shughuli nzima. Nikakumbuka ile mikono mabegani mwangu. Sisi tuliokuwa na miili isiyovamiwa na mtu tuliilipia ada ili isukumwe.

Hata ngoma ya Intore, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2024, ina mruko, kishindo cha mguu, mgongo uliopindwa na shingo inayorusha umugara, lile vazi la kichwa, yote kwa nguvu ya misuli inayofanya kazi. Mchezaji hajiachii hata kidogo. Mwalimu wa yoga akitaka kuwafundisha Wanyarwanda namna ya kunyooka bila kulegea, mfano anao uani.

Siku ile mama alipomaliza kunikanda aliushika mguu wangu kisigino, akauinua ndani ya maji, umenyooka, taratibu. Hakuutazama mguu. Aliutazama uso wangu. Ulipofika mahali fulani akasimama, ingawa mimi nilikuwa bado sijasema lolote.

“Mbona unaacha, mama?”

“Umeacha kupumua.”

Nililala mjini Gisenyi, na Jumapili baada ya misa nikarudi kuaga. Yule kijana wa Kigali alikuwa anashuka kwenye njia ya chemchemi ubavu-ubavu kama kaa, mkono mmoja umeshika paja. Simu ilikuwa mfukoni. Alimwamkia mama kwa adabu, akauliza kama maji yale ya karibu na mwamba, yale yanayounguza, yanafaa kwa mtu aliyejivuta msuli.

Mama hakucheka. Alimshika mkono, akampitisha kando ya maji ya moto, akamkalisha ziwani, upande wa baridi.